Les Années ya Annie Ernaux haina "mimi": je, mwandishi anajificha?

*Shikamoo Mwalimu. Nasomea Kifaransa, mwaka wa tatu. Tumepewa kitabu cha Les Années cha Annie Ernaux tukiandikie insha, na kusema kweli kimenishinda. Hakuna hadithi. Kuna picha zinazoelezwa lakini hazimo kitabuni, kuna orodha za mambo, kuna milo ya sikukuu, na kuna mwanamke anayeitwa "yeye" mwanzo hadi mwisho. Mhadhiri anasema ni tawasifu. Tawasifu ninayoijua mimi huanza na "Nilizaliwa". Je, mwandishi anajificha? Na maisha yakikatwakatwa hivi, huyo mtu nitamjuaje ni nani?*

Marahaba. Umeuliza maswali mawili, na la pili ndilo zito, kwa hiyo la kwanza nitalimaliza upesi.

Ernaux hajifichi. Kama kuna mwandishi wa Ufaransa aliyejianika juani, ni yeye. Ameandika jinsi alivyotoa mimba mwaka 1964, wakati jambo hilo lilikuwa jinai nchini kwake. Ameandika mapenzi yake na mume wa mtu. Ameandika Jumapili moja ya Juni 1952 ambapo baba yake alitaka kumuua mama yake, na ameiweka habari hiyo katika sentensi ya kwanza kabisa ya kitabu, bila hodi. Mtu wa namna hiyo akiliacha neno "mimi", ujue hakuliacha kwa haya. Kuna kazi ambayo "mimi" ilishindwa kumfanyia.

Kazi gani? Hapo lazima turudi nyuma kwenye kitabu kingine, La Place, cha mwaka 1983. Kwa maoni yangu Les Années haieleweki vizuri bila hicho, na wahadhiri wengi hukiruka.

Ernaux alizaliwa mwaka 1940 Lillebonne, akakulia Yvetot, mji mdogo wa Normandie, ambako wazazi wake walikuwa na mkahawa uliounganishwa na duka la vyakula. Baba alianza kama kibarua wa shambani, akawa mfanyakazi wa kiwandani, ndipo akafungua duka. Binti akasoma. Mwaka 1967 alifanya mtihani wa vitendo wa ualimu mjini Lyon, akafaulu, na miezi miwili baadaye, tarehe ileile, baba akafariki. Akaona ni lazima amwandike. Akaanza riwaya, baba akiwa mhusika mkuu. Alipofika katikati akaingiwa na kinyaa, akaiacha.

Kinyaa hicho ndicho ufunguo wako. Lugha ya riwaya nzuri ya Kifaransa, yenye mapambo na mkunjo, ni lugha ya watu ambao baba yake aliwaogopa maisha yake yote. Kumpamba kwa lugha hiyo kungekuwa kama kumzika mzee wa watu kwa suti ya kuazima. Basi akaamua kukusanya tu: maneno aliyoyasema, ishara zake, vitu alivyovipenda, vipindi vya maisha yake. Akachagua maandishi aliyoyaita bapa, yaleyale, anasema, aliyoyatumia zamani kuwaandikia wazazi barua za kuwapa habari muhimu. Nasi tunazijua barua za aina hiyo: afya, mvua, ada imefika, wasalimie.

Hebu tazama kipande kimoja. Baba yuko kwa mthibitishaji wa hati na anatakiwa kuandika kwa mkono wake *lu et approuvé*, yaani "nimesoma na nimekubali". Hajui tahajia yake. Anaandika *à prouver*, ambayo hutamkwa vilevile lakini maana yake ni "ya kuthibitishwa". Kosa hilo linamganda njia nzima ya kurudi nyumbani. Kipande kingine: anapanda behewa la daraja la kwanza kwa makosa, akiwa na tiketi ya daraja la pili. Ernaux anaviweka vipande hivyo, anaacha nafasi tupu, anahamia kwengine. Hasemi "ndiyo maana baba alikuwa mnyonge". Mwandishi mwingine angelisema, tena kwa ufasaha, na hapohapo tungemwona yeye, msomi, amesimama juu ya baba yake akimfafanua.

Sasa niingie kwenye sarufi, kwa sababu ndiko sisi Waswahili tunakoweza kuliona jambo hili vizuri kuliko Wafaransa wenyewe. Sikiliza tunavyosimulia: aliamka, akanawa, akatoka, akakutana na mjomba, akaambiwa. Ile -ka- ndiyo uzi. Inalipokea tendo la kwanza na kulikabidhi kwa la pili, na msikilizaji hatambui ni mengi kiasi gani ameshayakubali: kwamba mambo yalifuatana, kwamba moja lilizaa jingine, kwamba aliyenawa asubuhi ndiye yuleyule aliyeambiwa jioni. Kifaransa cha vitabuni kina -ka- yake, wanaiita *passé simple*. Roland Barthes, mhakiki wa fasihi wa Ufaransa, aliinyooshea kidole tangu mwaka 1953, akasema ndilo jiwe la msingi la masimulizi: inaupanga ulimwengu uonekane una mantiki hata pale usipokuwa nayo.

Ernaux aliitupa -ka- hiyo. Ndani ya Les Années yenyewe, kuelekea mwisho, anaeleza kitabu anachotaka kuandika: kiende kwa njeo ya hali isiyokoma, ile ya "alikuwa akifanya", ikiumeza wakati uliopo hatua kwa hatua mpaka picha ya mwisho. Anasema pia kwamba hakutakuwa na *je*, "mimi", ila *on* na *nous*, "sisi", na anakiita kitu hicho tawasifu isiyo na nafsi. Kwa hiyo mhadhiri wako hakukosea, ila angekuonyesha ukurasa huo mapema ungelala usingizi mwema.

Hiyo *on* ni kijineno kigumu. Si mimi, si sisi, si wao, na ni wote. Niliwahi kuwapa wanafunzi aya moja ya kitabu hicho waitafsiri. Wengi waliandika "watu". Wengine "tuli-". Mmoja akaja na hu-: hukaa mezani, hula, huzungumzia vita. Nikamwambia hapo umemgusa, maana hu- haina nafsi ndani yake, kitenzi kinatembea bila mwenyewe. Haifai kila mahali, kwa sababu hu- huelemea mazoea ya sasa na Ernaux yuko jana, lakini sikio lilikuwa sahihi. Vilevile usisahau kwamba *elle* ya Kifaransa inakwambia papo hapo ni mwanamke. A- yetu haisemi. Ukikisoma kitabu hiki kichwani kwa Kiswahili, utakuwa ukingoja picha itaje gauni ndipo ujue, na sijui kama Ernaux angechukia jambo hilo.

Kwa nini basi aitupe "mimi"? Kwa sababu neno hilo lina dai ndani yake. Nikisema "nilikulia dukani Yvetot na leo nafundisha fasihi", ni- ya kwanza na ni- ya pili zinadai kuwa mtu mmoja. Ernaux hana hakika. Yeye hujiita mtoro wa tabaka: aliyetoka kwao kwa njia ya shule, akajifunza kula, kucheka na kuongea upya, na hakurudi. Yule msichana wa dukani, kwake, ni mtu anayemtazama kwa mbali, kama unavyoitazama picha ya mtoto na kuambiwa na shangazi, "huyu ni wewe". Unakubali kwa kuwa shangazi kasema. Katika Mémoire de fille ya mwaka 2016 alilisema hilo waziwazi zaidi: mwandishi wa leo ni "mimi", na binti aliyekwenda kuwa mlezi kwenye kambi ya watoto majira ya joto ya mwaka 1958 ni "yeye", na kitabu kizima ni jitihada ya mmoja kumsogelea mwenzake.

Usidhani Ernaux alianza peke yake. Mwaka 1975 ulikuwa wa ajabu. Philippe Lejeune, mtaalamu wa fasihi, alichapisha utafiti wake kuhusu tawasifu, akasema kiini chake ni mapatano: mwandishi, msimulizi na mhusika wawe mtu mmoja mwenye jina moja, na msomaji akubali kuliamini jina hilo lililo kwenye jalada. Hii ndiyo "Nilizaliwa" yako. Mwaka huohuo Barthes akatoa kitabu kuhusu yeye mwenyewe, vipande vifupi vilivyopangwa karibu kwa alfabeti, na mwanzoni akaandika kwa mkono kwamba yote hayo yachukuliwe kama yanasemwa na mhusika wa riwaya. Alfabeti! Mpangilio usiosema lolote kuhusu maisha ya mtu, na ndiyo sababu aliuchagua. Miaka miwili baadaye, 1977, mwandishi Serge Doubrovsky akatoa Fils, na kwenye jalada la nyuma akalizindua neno *autofiction*, bunilizi ya matukio na mambo ya kweli tupu. Lejeune alikuwa amechora jedwali na kuacha kisanduku kimoja kitupu, riwaya ambayo mhusika wake ana jina la mwandishi. Doubrovsky akaingia humo kwa makusudi. Hata *fils* ni mtego: kwa maandishi yaleyale ni "mwana", na pia ni "nyuzi". Kwenye insha yako aya moja inamtosha. Nadharia yake imeishi kuliko vitabu vyake.

Mwandishi Georges Perec hapana. Huyo nataka ukae naye.

W ou le souvenir d'enfance ilitoka mwaka huohuo wa 1975. Ni vitabu viwili vilivyosukwa pamoja, sura kwa sura. Kimoja ni cha kubuni: kisiwa karibu na Tierra del Fuego kinachoishi kwa michezo na mashindano tu, na kadiri unavyosoma ndivyo mashindano yanavyogeuka kuwa kitu unachokitambua kwa hofu, kambi ya mateso. Kingine ni utoto wake, nacho kinaanza kwa sentensi inayopaswa kuizika tawasifu yoyote: sina kumbukumbu za utotoni. Wazazi wake walikuwa Wayahudi kutoka Poland. Baba alikufa vitani 1940, Perec akiwa na miaka minne. Mama alipelekwa Auschwitz mwezi Februari 1943.

Mara ya mwisho alipomwona mama ilikuwa stesheni ya Gare de Lyon, Paris, akipelekwa mafichoni kwa treni ya Msalaba Mwekundu. Anakumbuka mama alimnunulia kijitabu cha katuni, Charlot, yaani Charlie Chaplin, akiruka kwa mwavuli wa angani. Anakumbuka pia kwamba mkono wake mwenyewe ulikuwa umefungwa kitambaa na kuning'inizwa shingoni. Halafu anakwambia: shangazi yangu anakana, mkono haukuwa na neno. Labda nilikuwa nimevaa mkanda wa ngiri. Hata hilo hana hakika nalo. Kisha anavitazama vitu vitatu, mwavuli, kitambaa na mkanda, na kuona vyote ni vya kushikilia kitu kisianguke. Mtoto alikuwa akianguka. Kumbukumbu yake ikambunia vya kumshikilia.

Umeona kipande kinavyofanya kazi hapo? Angesimulia moja kwa moja, angelazimika kuchagua: kitambaa kilikuwepo au hakikuwepo. Akichagua "kilikuwepo", kaongopa. Akichagua "hakikuwepo", kampoteza mtoto aliyekihitaji. Yeye anaweka kumbukumbu, anaweka sahihisho, na haviunganishi. Kwingine kitabuni anachapisha maandishi aliyoyaandika zamani kuhusu wazazi wake, kisha anayatundikia maelezo 26 ya kujisahihisha, marefu kuliko maandishi yenyewe. Na katikati ya kitabu, baina ya sehemu ya kwanza na ya pili, kuna ukurasa mtupu wenye mabano na nukta tatu tu ndani yake: (…). Hapo ndipo mama alipo. Hakuna sentensi iliyowahi kuwekwa mahali pale.

Kwa hiyo mtu akikwambia "vipande ni mtindo wa kisasa", muulize: pengo liko wapi na limeletwa na nini? Kwa Perec ni mauaji. Kwa Ernaux ni tabaka. Kwa mwandishi Marguerite Duras, katika L'Amant iliyopata tuzo kubwa ya fasihi ya Ufaransa, Goncourt, mwaka 1984, ni picha ambayo haikupigwa: msichana wa miaka 15 na nusu kwenye kivuko cha Mekong, amevaa kofia ya kiume. Hakuna aliyempiga picha, kwani nani angejua kwamba kuvuka huko kutakuwa na maana? Kitabu kizima kinalizunguka pengo hilo, mara "mimi", mara "yeye", mara "yule mdogo". Kinachonivutia zaidi ni kwamba alikwisha kuyagusa maisha hayo katika riwaya ya mwaka 1950, na akairudia hadithi hiyo tena mwaka 1991. Mara tatu, na hazifanani. Waliokuwa wakitafuta ipi ndiyo ya kweli walichoka bure.

Karibu na kwetu zaidi yupo Scholastique Mukasonga, Mnyarwanda anayeishi Normandie na kuandika kwa Kifaransa. Mama yake, Stefania, alikuwa amewaambia binti zake kwamba akifa waufunike mwili wake, usionwe na watu. Aliuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari na binti hakuwepo kumfunika. La femme aux pieds nus, ya mwaka 2008, ndiyo sanda hiyo, ya maneno. Imegawanyika kwa mambo ya nyumbani: nyumba ya mama, mtama, dawa za miti, mkate, ndoa. Usiisome kama mfano wa nadharia ya Paris. Huyo anafunika mwili, kipande kwa kipande, na sanda haiwi hadithi.

Wapo pia, sikufichi, wanaokata vipande kwa uvivu. Aya tatu, nafasi tupu, aya mbili, sentensi moja ya kuugulia, na msomaji anaachiwa kazi ya kuhisi kina kisichokuwepo. Kipimo changu ni cha kienyeji: jaribu kuviunganisha vipande wewe mwenyewe kwa "kwa hiyo" na "ndipo". Vikiungana bila kupoteza kitu, nafasi tupu zilikuwa pambo. Kwa Perec ukijaribu, unajikuta unasema uongo.

Sasa swali lako la pili, utamjuaje ni nani. Umelelewa, kama mimi, kudhani mtu ni shina: mizizi chini, matawi juu, ukifuata shina utafika. Ingawa hata kwetu Shaaban Robert hakufuata shina lote. Tawasifu yake aliikatiza nathari ili aweke tenzi za kuwausia watoto wake, na hakuna aliyelalamika kwamba hadithi imekatika. Katika Les Années, tafuta kinachorudi. Milo ya sikukuu inarudi. Baada ya vita wazee mezani wanasimulia njaa na Wajerumani, na watoto wanasikiliza. Miaka inakwenda, vita vinapungua mdomoni, vinaingia mambo ya Algeria, kisha magari na vyombo vipya, na mwishowe mwanamke yuleyule amekaa upande wa wazee na vijana wanaongea kompyuta juu ya kichwa chake. Hakuna aliyekwambia "alizeeka". Umemwona akihama kiti.

Na picha zinarudi, toka mtoto mchanga mpaka bibi aliyempakata mjukuu. Kwa makusudi, hazikuchapwa kitabuni. Picha ukiionyeshwa unasema "kumbe ndiye huyu", mambo yamekwisha. Picha ukielezewa, unabaki na yule anayeitazama, na swali linalofuata kila picha: msichana huyu, siku ile, aliwaza nini, alijua nini, hakujua nini bado? Mtu unayemfahamu mwishoni ni yule anayeuliza. Nafsi ya kitabu hicho imo katika namna ya kutazama, na ndiyo maana inaweza kukosa jina na bado ukaijua kama unavyomjua mtu kwa mwendo wake gizani.

Kuhusu insha: usianze na tarehe ya kuzaliwa ya mwandishi, wala na Doubrovsky. Chukua picha mbili zinazofuatana na mlo mmoja ulio kati yake, andika ni maneno gani yalikuwepo mezani na hayapo tena, na uzungumzie nafasi tupu kama unavyozungumzia aya. Kabla ya hapo soma La Place. Ni kitabu chembamba, siku moja inatosha. Kisha rudia Les Années kuanzia ukurasa wa kwanza, ile orodha ndefu ya picha zitakazotoweka, ambayo naapa uliiruka.